Mbigili kwa mkojo unaochoma: kuna aliyeitumia?

Mshona_Viatu: Wakuu, habari zenu. Uani kwangu kumejaa mbigili, ile inayotambaa na kutoboa matairi ya baiskeli. Nilitaka kuing'oa yote nichome, shangazi akanizuia. Anasema nichemshe ninywe, nitapona huu mkojo unaochoma tangu juzi. Ni kweli? Na nichemshe majani au hiyo miiba yenyewe?

Mzizi_Mkavu: Mkuu, mimi nauza mitishamba, kwa hiyo ningefurahi kukuambia ndiyo. Ila kwanza, ni mbigili ipi? Angalia ua. Kama ni la njano lenye petali tano, vijani vimepangwa mbili mbili kama vya mkwaju, na tunda likikauka linapasuka vipande vitano vyenye miiba, hiyo ni Tribulus terrestris. Kama ua ni jeupe au la waridi na jani ni moja moja lenye kingo zilizokatikakatika, hiyo ni Oxygonum sinuatum, mmea mwingine kabisa. Wateja wananiletea hii ya pili kila mara wakiapa ndiyo yenyewe.

Shangazi hajabuni. Matabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huita ile ya njano gokshura, na tunda lake wamelitumia tangu zamani kwa mkojo unaotoka kwa shida na mawe ya figo. Wachina nao hutumia tunda, ila wao zaidi kwa kizunguzungu, macho mekundu na ngozi inayowasha. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni miiba, yaani tunda.

Sasa sikia. Mkojo unaochoma mara nyingi ni bakteria, na hata mbigili ikikufanya ukojoe sana, kukojoa hakuwaui. Nenda ukapime mkojo. Ukipata homa au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, nenda leo leo.

Kijana_wa_Gym: Na ile ya kuongeza nguvu za kiume je? Vidonge vyake vipo kila mahali.

Mzizi_Mkavu: Najua, na vinalipa kuliko mizizi yangu. Wanaume wenye afya waliopewa kwenye majaribio, testosteroni yao, yaani homoni ya kiume, haikupanda. Okoa hela yako, ule mayai.

Mchunga_Kondoo: Naongeza: kondoo wakiila sana, ini linaharibika, halafu jua linawaunguza uso mpaka kichwa kinavimba. Afrika Kusini ugonjwa huo unaitwa geeldikkop. Dawa yake ya kwanza ni kuwaingiza kivulini. Msidhani kwa kuwa imeota yenyewe basi haina sumu.

Mshona_Viatu: Nimeangalia, ua ni la njano. Kesho asubuhi naenda kupima. Uani nifanyeje sasa?

Mzizi_Mkavu: Ng'oa na mzizi mkuu kabla matunda hayajakauka, maana mbegu hukaa ardhini miaka na miaka. Na vaa viatu, fundi.