MREJESHO: Daladala tatu za Java kutoa ruti moja

Habari wakuu. Niliuliza kwa nini, kwenye programu yangu ya lugha ya Java, nikitengeneza objekti (magari) tatu za klasi (kiolezo) Daladala, zenye ruti za Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, zote zinachapisha Tegeta. Shukrani kwa wote mliojibu.

Aliyesema tatizo ni neno static niliyoliweka kwenye ruti alipatia. Ruti ya static ni moja kwa klasi nzima, hivyo konstrakta (sehemu inayounda objekti) ilipoitwa mara ya mwisho ilifuta ruti zilizotangulia. Nimeiondoa, kila gari lina ruti yake.

Ushauri wa kubadili parameta r (thamani ambayo konstrakta inapokea) iitwe ruti uliniponza kidogo: niliandika ruti = ruti, ruti zote zikawa null, yaani hazina thamani. Parameta inajipa thamani yake yenyewe, na kompaila (inayokagua na kutafsiri kodi) haioni kosa lolote. Dawa ni this.ruti = ruti, ambapo this ni objekti yenyewe.

Kulinganisha ruti na neno aliloandika mtumiaji kwa == hakukufaa, maana == huangalia kama ni objekti ileile. Neno lililosomwa na Scanner (kisomaji cha anachoandika mtumiaji) ni objekti nyingine hata herufi zikifanana, kwa hiyo jibu ni false. Tumia equals, inayolinganisha herufi, na trim() kwanza kuondoa nafasi kama mtumiaji anaziacha mwishoni.

Lililobaki: nextLine() (ya kusoma mstari) inayofuata nextInt() (ya kusoma namba) inarudisha mstari mtupu. Nimeweka nextLine() ya ziada katikati, imekubali, ila mtu akiandika "mia sita" badala ya 600 programu bado inakufa.