Mwaka wa tano udaktari, mama ataka niwe wa uzazi, mimi roho iko kwa nusukaputi

Bint_Tudor
Assalaam aleikum jamani. Niko mwaka wa tano udaktari, mwakani inshallah namaliza halafu intanshipu. Nyumbani washaniamulia niwe daktari wa akina mama, maanake hapa Mombasa wengi wataka kuzalishwa na mwanamke mwenzao, na mama ashaanza kunitangaza maharusini, kila mwenye mimba aambiwa "ngoja mwanangu amalize". Sasa juzi thieta palikuwa na mama wa kupasuliwa, kashadungwa sindano ya mgongo, miguu ishakufa ganzi, mara akasema kwa sauti ndogo "nataka kutapika". Mashine ya presha hata haijasoma, daktari wa nusukaputi ashafika kwenye dripu, dawa ishaingia, na presha kuja kusoma kweli ilikuwa chini. Namuuliza umejuaje, aniambia kichefuchefu ndo hutangulia. Upande wa pili wa pazia, kwa wanaopasua, hakuna aliyejua kitu, mtoto katoka alia watu wafurahi. Wallahi tangu siku hiyo sina mawazo mengine. Nikimwambia mama anasema "miaka sita yote nasomesha mtu wa kulaza watu?" Nishaurini.

DktMashinani
Dada, wachagua kanga za harusi na posa haijaja. Intanshipu ni mwaka mzima, utazunguka medisini, upasuaji, watoto, uzazi, hapo ndo utajijua. Mimi nliapa ni upasuaji, kumbe nilichopenda ni lile gauni la kijani tu. Na uangalie mfuko, kuna wanaojilipia ubingwa wakesha wodini bila mshahara na karo ni yao, so tafuta kwanza ajira ya kaunti wakuruhusu kusoma huku wakikulipa mshahara.

Mama_Swabra
Mwanangu, mamako hajakosea. Wa tatu nimemzaa mbele ya vijana sita wa kiume wamesimama kama wangoja matatu, ile haya sijaisahau. Lakini nambie, wakati wa kupasuliwa nimelala pale sina nguo, aliyekuwa kichwani kwangu muda wote si huyo wa nusukaputi? Akiwa mwanamke si ni sitara vilevile?

Sindano_ya_Mgongo
Mimi ni afisa wa kliniki wa ganzi, si daktari, mwaka wa tisa sasa. Hospitali nyingi za kaunti kazi hii twaifanya sisi, madaktari bingwa wake wachache, so kazi hukosi. Ila sifa sahau, mgonjwa akiamka humshukuru aliyempasua, wewe hata jina hakujui. Na praiveti wamngoja mpasuaji akuite, mkikosana simu yanyamaza. Hiyo siku ya kichefuchefu usiitazame sana, nenda ukae kesi ya masaa manne ambayo hakuna kinachotokea, wewe na chati na ule mlio wa oksijeni tit tit tit, oksijeni ikishuka mlio wazidi kuwa mzito na wewe washtuka kabla hujatazama mashine. Ukisinzia, hiyo kazi si yako.

Msela_Kongowea
Soma ngozi. Hakuna anayekuamsha saa tisa usiku kwa chunusi.

Bint_Tudor
😂😂 @Mama_Swabra hiyo ya sitara haikunijia kabisa, leo namngoja mama anywe kahawa yake kwanza ndo nimwambie. @Sindano_ya_Mgongo Alhamisi kuna kesi ndefu nishaomba nikae kichwani, ila swali, hayo masaa manne msalani mwaenda saa ngapi?

Sindano_ya_Mgongo
Asubuhi chai usinywe.