Vidudu vyeupe kama pamba vinahama ua hadi ua, nifanyeje?

mama_kirumba: Wakuu habari za saizi. Juzi nimenunua kroton kwa wale jamaa wa maua barabarani nikaiweka sebuleni na wenzake, kumbe ina vidudu vyeupe kwenye makwapa ya majani, majani yananata, sisimizi kibao, na sasa naviona mpaka kwenye maniplanti. Hivi ni hawa wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku ndo wanataga humo? Nakaa karibu na ziwa kabisa

Mkulima wa Balkoni: Dada, hao wa ziwani waache, wakishaota mbawa hawali majani, siku chache wamekufa, we fagia tu asubuhi. Hao wako ni vidung'ata. Majike hayana mbawa kwa hiyo wanapelekwa, na mikono yako, mkasi, majani yanayogusana, na hao sisimizi maana wanakula ule utamu unaonata basi wanawalinda vidung'ata na kuhamisha watoto wa vidung'ata. Tenga yenye wadudu leo hii, na ukimwagilia anza na mazima. Usiku simamisha chungu juu ya jiwe ndani ya sahani ya maji sisimizi wasivuke, ila maji ubadilishe kila siku mbili usije ukafuga mbu

kijana_nyegezi: mi huwa napuliza dawa ya mbu ya kopo, fasta tu

Mkulima wa Balkoni: @kijana_nyegezi hiyo inaunguza majani kaka, na mayai yanabaki vilevile

bibi maua: Mwanangu chukua spiriti ya duka la dawa na vijiti vya masikio, gusa mmoja mmoja. Kisha sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja cha chai kwa lita, jaribu jani moja kwanza, ukiona salama puliza jioni hadi chini ya majani. Sabuni ya unga hapana. Rudia kila wiki maana mayai yanaanguliwa nyuma yako

mama_kirumba: Asante bibi, shikamoo. Na udongo je?

bibi maua: Marahaba. Ng'oa uangalie mizizi, ukiona ungaunga mweupe osha mizizi, udongo utupe, usiuhamishie chungu kingine hata kama ni mbolea ya gharama. Na ua jipya siku nyingine lilale barazani peke yake wiki tatu ndo liingie ndani

kijana_nyegezi: wiki tatu barazani huku kwetu si litaibiwa 😂