Mzee kastaafu, kapoa kabisa: tunamchangamshaje?

Mtu_wa_Tabata:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Mzee ana miaka 67. Mzima, ila anakunywa dawa ya presha. Tangu astaafu ni yeye na kochi. Taarifa ya habari haijaisha keshasinzia. Kijiweni haendi tena, na wageni wakija anajibu "ndiyo, ndiyo" kisha anarudi chumbani. Nyumbani wanasema uzee huo, mwacheni. Huyu alikuwa mtu wa bao na dansi! Naomba vitu vya kufanya, siyo "mpe moyo".

Goti_Imara:
Mkuu, kabla hujaulizia moyo wake, pima mapaja. Chukua kiti cha mezani kisicho na mikono, kimo kama sm 43, kiegemeze ukutani kisiteleze. Akae, akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa tena kwa sekunde 30. Hesabu alivyosimama. Mwanaume wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 12, miguu imepungua nguvu (mwanamke, chini ya 11). Akijisukuma kwa mikono, haihesabiwi.

Kwa nini naanzia hapo? Mabenchi ya kijiweni ni mafupi. Mtu asiyeweza kusimama bila kuvutwa mkono mbele za wenzake huacha kwenda, na hatakwambia sababu.

Dawa ni kiti hichohicho. Seti 3 za mara 8, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, apumzike dakika 2 kati ya seti. Akishindwa, ongeza mto juu ya kiti. Kushuka ashuke huku akihesabu hadi tatu. Wengi hujibwaga, na hapo faida inapungua. Seti 3 za 12 zikiwa nyepesi, akumbatie chupa ya maji ya lita moja na nusu. Baadaye asimame mguu mmoja sekunde 10, mkono ukiwa karibu na meza nzito.

Kutembea: lengo ni dakika 150 kwa wiki, ila aanze na 10 kwa siku. Atoke saa 12 asubuhi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, maana baadaye joto la Dar halina huruma kwa mtu wa presha. Mwendo sahihi ni ule anaoweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kifua kikibana, asimame, aende hospitali. Na tafadhali msimpeleke Jumamosi ya kwanza tu kukimbia na vijana hadi Daraja la Tanzanite. Jumapili magoti yanavimba, na hapo ndiyo mmempoteza.

Sikio_la_Tatu:
Goti_Imara kasema vizuri, ila kapita juu ya hiyo "ndiyo, ndiyo". Anayejibu hivyo kwa kila swali mara nyingi hasikii, anabahatisha. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba: s, f, sh, ch. Irabu zinabaki. Kwa hiyo anajua mmeongea, hajui mmesema nini, na feni ikizunguka ndiyo kabisa. Kupiga kelele hakusaidii. Kaa mbele yake aone midomo, zima TV, ongea taratibu.

Aangaliwe nta kwanza, huenda ikawa ni hiyo tu. Vijiti vya pamba marufuku, vinaisukuma ndani. Safari hiyohiyo apimwe macho, mtoto wa jicho huja kimyakimya.

Halafu hiyo dawa ya presha: ni ya kukojoza? Akiinywa usiku ataamka mara tatu nne, mchana lazima asinzie. Tena ataogopa kwenda mahali pasipo na choo. Mwulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Kuiacha, hapana.

Kete_64:
Bao nisemee mimi. Kosa la watu ni kununua bao zuri la mninga na kuliweka sebuleni. Bao bila watazamaji wa kubisha ni ubao tu.

Kama ameacha miaka mingi, asirudi moja kwa moja kwenye kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi ubaoni moja moja. Pale kila mchezaji ana kete 22 mkononi na 10 ubaoni (6 kwenye shimo kuu liitwalo nyumba, 2-2 kwenye mashimo mawili ya pembeni yake), na kichwa kilichopoa kinachanganyikiwa upesi, kisha aibu. Aanze na bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, mashimo yote 32, mnacheza mtaji tangu mwanzo, yaani kete zote ziko ubaoni, hakuna za mkononi. Mpe mjukuu wa kumfundisha. Mzee anayesahihisha mtoto anaamka haraka kuliko mzee anayefundishwa! Akirudisha kasi ya kuhesabu, ndipo mpeleke kijiweni, saa 10 jioni, kabla pikipiki hazijazidi.

Ila anayekwambia bao linatibu usahaulifu anakuuzia maneno.

Chemko:
Dansi hamjaigusa. Bendi za Msondo na Sikinde bado zina wapenzi wa umri wake. Acheze sehemu ya taratibu, chemko (ile sehemu ya kasi ya wimbo) likianza akae, walau mwezi wa kwanza. Viatu vyenye soli ya mpira, vya kufunga. Malapa kwenye vigae ni kuanguka.

Mtu_wa_Tabata:
Nimempima jioni hii. Kapata 7, ya nane kashika meza. Kakasirika, anasema kiti kibovu.

Goti_Imara:
Basi ni 7. Weka mto, seti 3 za 5, mpime tena baada ya wiki 4 kwa kiti hichohicho bila mto. Kukasirika ni dalili njema, mkuu. Mwandikie namba ukutani.