Ganda la nusu dola limekwama na limekuwa jeusi, nilisafisheje?

Sakina_Mezani (Arusha)

Wakuu, habari zenu. Nafanya mazingaombwe ya mezani, yale ya kukaa karibu kabisa na watazamaji: sherehe za watoto, harusi, na wikiendi hotelini kwa watalii. Nina nusu dola za Marekani za 1964 pamoja na ganda lake (nusu dola iliyochongwa ndani ikabaki uso na ukuta mwembamba, ili sarafu nyingine iingie ndani yake), seti ya nusu dola na ile sarafu ya shaba ya Mexico ya sentavo 20, na nusu dola moja ya kukunja, iliyokatwa vipande vinavyoshikwa na kimpira kinachokaa kwenye mfereji wa ukingoni.

Tangu masika iishe ganda limekuwa jeusi, tena linang'ang'ania. Sarafu ikiingia haitoki bila kuitingisha. Zile nusu dola za kawaida ninazozitumia nalo bado nyeupe. Kimpira nacho kimeanza nyufa. Mama kasema ndimu na chumvi, rafiki yangu kasema Brasso. Sijagusa kitu bado. Jumamosi nina harusi Moshi, naombeni msaada.

Mdau_Njiro

Achana na Brasso mkuu, inanuka. Dawa ya meno na mswaki. Mkufu wangu wa fedha nausafisha hivyo, unatoka mweupe kabisa.

Mzee wa Pasua (Moshi)

Kijana, umefanya vema kuuliza kwanza. Ndimu iache jikoni, na dawa ya meno usiiguse: ina chembe za kusugua, na ganda halina unene wa kusuguliwa. Mkufu ukipungua kidogo hakuna anayejua. Ganda likipungua, linalegea, na ganda lililolegea linalia kila ukisogeza mkono.

Kabla ya kufikiria mng'aro, jiulize kama ganda linafanana na wenzake. Nguvu yake yote ni kwamba jicho la mtazamaji haliwezi kulitenga na sarafu zilizo pembeni. Likiwa jeusi peke yake limejitangaza, na ukiling'arisha peke yake limejitangaza vilevile. Kwa hiyo chochote utakachofanya, fanya kwa seti nzima, siku moja, maji yaleyale. Mimi zangu hazijawahi kutenganishwa, zinazeeka pamoja.

Sasa weusi. Nusu dola ya 1964 ni fedha asilimia 90. Za 1965 hadi 1970 ni asilimia 40, na kuanzia 1971 za kawaida hazina fedha, ndiyo maana ukingoni unaona mstari wa shaba. Fedha inageuzwa nyeusi na salfa, na mpira umepikwa kwa salfa. Niambie: ganda unaliweka kopo moja na vile vimpira vya akiba?

Kung'ang'ania ni jambo lingine. Weka ganda na sarafu yake kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, yaache yapenye. Kisha geuza mdomo chini na ugonge taratibu juu ya taulo lililokunjwa. Usichokonoe kwa kisu wala ukucha. Ukuta ukishapinda, kuurudisha ni kazi ya mtu mwingine. Ikitoka, utaona kwenye kona ya ndani, pale ukuta unapokutana na uso, pete nyembamba ya uchafu wa kijivu. Ni jasho, mafuta ya vidole na vumbi lenu la Arusha, lile laini linaloingia hata kabatini. Itoe kwa kijiti cha meno cha mbao kilicholowa, uzungushe mzunguko mzima, umalize kwa mswaki laini wa mtoto. Kausha kwa fulana kuukuu ya pamba, halafu liache wazi usiku kucha.

Asubuhi rudisha sarafu ndani, izungushe polepole kwa kidole. Ikikwama kila mahali, bado kuna uchafu. Ikikwama sehemu moja tu, ganda limepoteza duara, na hapo hakuna sabuni itakayosaidia.

Mafuta usipake, ya aina yoyote. Yanashika vumbi, yanagandisha sarafu mbili kwa kunyonyana, na yanaua mpira.

Ile ya Mexico ioshe kwa sabuni tu. Ndimu inaondoa ule ukahawia wa miaka mingi na kuacha wekundu mbichi.

Kimpira chenye nyufa hakisubiri Jumamosi. Kitoe leo. Vile vimpira vidogo vya daktari wa meno, vya kuvutia meno, vinafaa ukipata saizi inayokaa ndani ya mfereji bila kutokeza. Kiingize kwa kibanio kisicho na ncha kali. Na sarafu iache imenyooka, isilale imekunjwa, maana ikikunjwa mpira unavutika usiku mzima.

Binti wa Sonara

Shikamoo mzee. Naongezea kwa upande wa kazi yetu. Ile njia ya foili, baking soda na maji ya moto kweli inaondoa weusi bila kusugua, ila inaondoa wote, hata ule wa kwenye herufi unaoipa sarafu umri. Ukiamua, tumbukiza zote za fedha, isipokuwa yenye mpira, gundi au sumaku. Mashine ya mtetemo tunayosafishia pete nayo usiikubali kwa vifaa vilivyogundishwa, gundi inaachia.

Ganda lililopoteza duara mpelekee sonara pamoja na sarafu yake, alinyooshe juu ya mbao. Mwambie asing'arishe, mwambie mara mbili, maana sisi mkono wetu unakwenda kwenye brashi wenyewe.

Kila sarafu iwe na kifuko chake, na kipande cha chaki ndani ya kopo kinyonye unyevu.

Sakina_Mezani (Arusha)

Shikamoo mzee, asante dada. Ni kweli, vimpira na ganda vilikuwa kwenye kopo moja la peremende, na ile ya kukunja weusi umeanzia kwenye mfereji. Nimeloweka, nikagonga, limeachia. Sasa sarafu inazunguka bila kukwama. Foili nimeiacha. Nimepitisha sabuni kwa zote nne, ganda limebaki na kivuli kidogo ambacho kwa taa ya ukumbini hakionekani.

La mwisho: nina nyingine yenye sumaku ndani, na kila wiki inaota vinywele vyeusi pembeni.

Mzee wa Pasua (Moshi)

Marahaba. Hivyo ni vumbi la chuma. Mchanga wenu mweusi unaotoka Meru unanaswa na sumaku, jaribu barabarani utaona. Kitambaa kitauburuta tu juu ya uso na kuchora mistari. Bonyeza selotepu, inua, rudia kwa kipande kipya. Maji ya moto usiiwekee, sumaku hizi ndogo zenye nguvu nyingi zikipita nyuzi 80 zinaanza kulegea. Na usiiweke mfuko mmoja na shilingi 500 ya nyati. Ile ni chuma ndani, itaibeba mbele ya watu.

Harusi ni ukumbi gani? Nikipata nafasi nitapita nilione hilo ganda.