Tangazo la Mama Happy limefutwa

Grupu: MAJIRANI NJORO, MOSHI

Mama Happy: Jamani nani kafuta tangazo langu la unga wa mlonge? Mbona la parachichi la Mama Elia lipo?

Baba Elia: Nimefuta mimi mama. Uliandika "unaponya kisukari".

Mama Happy: Katiba ibara ya 18, kila mtu ana uhuru wa kutoa mawazo yake. Mnatuziba midomo hadi kwenye biashara?

Aika: Shikamooni. Haki unayo mama, na si ndogo. Chukua mfano wa Marekani: mwaka 1942 Mahakama ya Juu yao ilisema tangazo la biashara halilindwi na uhuru huo. Ikageuka 1976, kesi ya jimbo la Virginia. Kule mfamasia alikatazwa kutangaza bei ya dawa za cheti cha daktari.

Mzee Shirima: Marahaba. Bei tu? Kisa?

Aika: Eti kulinda heshima ya taaluma. Kumbe dawa ya tetracycline, kiasi kilekile, eneo lilelile, duka hili dola 1.20, lile dola 9! Mgonjwa angejuaje? Na waliofungua kesi ni wanunuzi, si wafamasia. Mahakama ikakubali: anayesikiliza naye ana haki.

Mama Happy: Si ndicho ninachosema!

Aika: Ila 1980, kesi ya kampuni ya umeme ya New York, ikasema tangazo la kupotosha halina kinga. Hata kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Baba Elia: Majirani, mama yangu mzazi aliacha vidonge vya sukari kwa ajili ya tangazo la redioni. Lilikuwa la unga hivyo hivyo. Miezi mitatu. Kidonda kikala mguu, ukakatwa. Sisemi wako mbaya, mama. Lakini neno "unaponya" siwezi kuliacha likae hapa.

Mama Happy: Pole sana baba. Sikujua. Nami niliambiwa tu na aliyeniuzia mbegu.

Mzee Shirima: Pole Baba Elia. Lakini kosa lilikuwa neno moja, wewe umefuta na bei na namba yake ya simu, tena kimyakimya. Ungempigia kwanza. Hilo silikubali hata kidogo.

Baba Elia: Kweli mzee. Nisamehe mama, litume tena.

Mama Happy: UNGA WA MAJANI YA MLONGE, yamekaushwa kivulini. Nusu kilo 7,000. Nipo nyumbani kila jioni.

Mzee Shirima: Robo ipo?

Mama Happy: Ipo mzee wangu, 4,000.