Mawaridi yangu yanapukutika majani hapa Ahero, nifanyeje?

Mwalimu_Ahero
Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu, nilihamishiwa Ahero, karibu na Kisumu, mwaka jana. Nimekulia Bahati, Nakuru, ambako mama ana mawaridi kuanzia langoni hadi mlango wa jikoni, na sijawahi kumwona akihangaika nayo zaidi ya kuyapogoa na kuyatilia samadi. Nilipohama nilinunua miche minane kwa wauzaji wa kando ya barabara upande wa Naivasha, nikaipanda mbele ya nyumba. Mwanzoni ilitoa maua makubwa, yenye petali nyingi kama yale ya dukani.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, mambo yakageuka. Majani ya chini yalipata madoa meusi yanayotoshana na kifungo cha shati, kingo zake zimesambaa kama wino uliodondokea karatasi ya shashi. Jani linageuka njano, linaanguka. Matumba nayo hayafunguki, yanakuwa kahawia na kuoza yakiwa yamejifunga. Miche sita imebaki vijiti vitupu. Wa saba umetoa tawi refu lenye nguvu, lakini majani yake hayafanani na mengine na halina hata ua moja.

Mama anakuja Desemba na ningependa akute waridi limechanua. Nimenyunyizia dawa mara mbili bila mafanikio. Udongo ni ule mweusi wa huku Kano. Nisaidieni.

Samadi_Njoro
Pole sana mwalimu. Huo ni ukungu. Sisi huku tunanyunyizia salfa asubuhi na mapema, ule unga mweupe unaondoka wote. Jaribu.

Bustani_Riat
Ndugu wa Njoro, ulichotaja ni ubwiri unga, na hicho ni kitu kingine. Ubwiri unga hupenda mchana mkavu na usiku wenye baridi na unyevu, ndiyo maana unawasumbua huko juu. Hauhitaji jani lilowe. Mvua kubwa hata huupunguza. Alichonacho mwalimu ni madoa meusi. Huo ukungu unataka jani libaki na maji kwa saa saba hivi mfululizo ndipo mbegu zake ziote. Sasa fikiria hali ya hapa kwetu: mvua ya radi inashuka jioni, jua limeshazama, upepo umetulia, majani yanalala yamelowa hadi asubuhi. Ukungu hauhitaji kingine.

Mwalimu, usijilaumu, na usilaumu dawa pia. Dawa nyingi za ukungu hulinda jani ambalo bado ni zima, haziponyi lililokwisha kuambukizwa. Tatizo lilianzia kwenye uchaguzi wa mche. Mawaridi yanayokuzwa Naivasha kwa ajili ya kuuzwa nje huchaguliwa kwa urefu wa kikonyo na kwa ua kudumu ndani ya chombo. Huishi chini ya paa la plastiki, mvua haiyagusi, na ardhi ya kule iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku ni baridi. Wewe umeyaleta chini hadi mita 1,150 hivi, kwenye joto na mvua ya wazi. Lile ua la petali nyingi unalolipenda hufyonza maji kama sifongo, petali za nje zinagandana, tumba linaoza likiwa limefungwa. Kwa hapa tafuta ua la petali chache, linalofunguka haraka na kukauka haraka.

Kama unataka majina: Knock Out, lililozalishwa na William Radler wa Wisconsin, Marekani, na kuingia sokoni mwaka 2000, lilitafutiwa kabisa uwezo wa kuhimili madoa meusi. Iceberg, jeupe, la Kordes wa Ujerumani, 1958, linavumilia joto vizuri na kuchanua kwa vishada, ila madoa hulipata, kwa hiyo mimi nisingelianza nalo Ahero. Mawaridi ya kale yenye asili ya Uchina nayo hayaogopi joto.

Kijani_Kericho
Samahani kuingilia. Huku kwetu adui ni mvua ya mawe. Wiki iliyopita imepasua matawi yangu yote. Nikate hadi chini?

Bustani_Riat
Hapana dada. Kata yale tu yaliyochubuka hadi ndani, shuka mpaka kwenye sehemu nzima, juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea. Majani yaliyotoboka yaache, bado yanalisha mmea. Fanya hivyo siku kavu, kidonda kikauke.

Miche_Kakamega
Mwalimu, nianze na ule mche wa saba. Fukua udongo taratibu shinani. Utaona kivimbe pale waridi lilipobebeshwa kwenye shina lingine. Mashamba mengi ya Kenya hutumia shina liitwalo Natal Briar. Kama lile tawi limetoka chini ya kivimbe, ni la shina la chini, na litamnyima chakula waridi wako mpaka afe. Usilikate kwa mkasi, litarudi. Lishike pale lilipoanzia, ulivute kwa nguvu ling'oke na kisigino chake. Wengine watakwambia uhesabu vijani vya kila jani, kwamba vikiwa saba tawi ni la mwitu na vikiwa vitano ni la waridi. Usitegemee hilo, angalia linakotokea.

Pili, udongo. Chimba shimo la sentimita 45, lijaze maji jioni. Kama asubuhi maji bado yamo, mizizi inazama, na hakuna aina itakayokupa furaha hapo. Usichanganye mchanga ukidhani utaulegeza ule mweusi. Inua tuta la sentimita 40, weka mboji na samadi iliyooza vizuri, upande juu yake.

Tatu, na hili ndilo ningefanya kwanza, acha kununua. Tembea Ahero, Awasi, hadi Kisumu mjini. Angalia nyua za makanisa na nyumba za wazee. Ukiona waridi lenye majani mabichi mwezi huu wa tano, ambalo hakuna anayelinyunyizia chochote, bisha hodi uombe. Hilo limeshafanyiwa mtihani na mvua ya hapo miaka na miaka. Chukua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20. Bakisha majani mawili ya juu, lichomeke kwenye mchanga na mboji, lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, liweke kivulini. Baada ya wiki nne hadi nane lina mizizi. Halina kubebeshwa, kwa hiyo hata likikatwa hadi chini litachipua lilelile.

Bustani_Riat
Naunga mkono. Niongeze: acha mita moja kati ya mche na mche, upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi liwahi kukausha majani. Maji mwagia shinani, asubuhi. Majani yaliyoanguka yaokote yote uyachome, ukungu unajificha humo ukisubiri mvua nyingine.

Mwalimu_Ahero
Asanteni sana, nimeelewa mambo ambayo sikuwahi kuyawaza. Nimefukua ule mche wa saba, tawi limetoka chini ya kivimbe kama mlivyosema, nimeling'oa. Shimo nililijaza jana saa kumi na mbili jioni. Leo asubuhi maji yalikuwa yamepungua vidole viwili tu. Fundi wa matuta anakuja Jumamosi.

Kuna bibi mmoja nyuma ya soko ana waridi la pinki lililopanda hadi dirishani, limepandwa kabla mwanawe wa kwanza hajaoa. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akaingia ndani, akatoka na kisu. Amenipa vijiti kumi na viwili. Viko chini ya chupa sasa hivi, kivulini mwa mwembe.